Galoni ya SP na Klachi Zilizoteleza: Kisa cha Pikipiki 16

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Jina la mji, jina la kikundi, aina ya pikipiki na chapa ya oili nimeviondoa, kwa sababu hakuna aliyefanya jambo la aibu na oili yenyewe haikuwa na kosa. Nakiandika kwa ajili ya madereva wa bodaboda na mafundi wenzangu. Tangu wakati ule vijiwe vingine vitatu vimeniuliza swali lilelile, kwa nini klachi zinateleza baada ya kuwekewa oili ya daraja la juu, na kila mara nimekuta pesa za klachi zimeshatumika.

## Mazingira

Kikundi kina wanachama 16, kila mmoja na pikipiki yake ya cc 125, ya kabureta, ya gia za mguu. Kumi kati yao walikuwa bado wanalipia mkataba. Mji umekaa kwenye miinuko. Toka stendi kwenda juu sokoni ni kilima kimoja kirefu, na mzigo wa kawaida wa siku za gulio ni gunia la viazi, mara nyingi lumbesa, pamoja na mwenye gunia lake juu.

Injini ya pikipiki hizi inashika lita moja tu ya oili, na lita hiyo ina kazi nyingi kuliko oili ya gari. Kwenye gari dogo, oili ya injini inalainisha injini basi. Gia zina oili yake, na klachi ya gia za mkono hukaa pakavu. Kwenye pikipiki ya gia, injini, gia na klachi vinaoga pamoja katika oili ileile. Sahani za klachi zinatakiwa kushikana zikiwa zimelowa. Hapo ndipo kisa chote kilipo.

Kwa miaka mitatu kikundi kilikuwa kinatumia oili ya pikipiki ya uzito wa 20W-50 (namba yenye W ni ya oili ikiwa baridi, ya pili ni ya oili ikiwa ya moto) kutoka duka la spea la pale mtaani. Kila dereva alimwaga oili baada ya wiki mbili hivi. Hakukuwa na malalamiko makubwa, isipokuwa pikipiki kuwa nzito kuwaka asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya huko inapouma.

## Uamuzi wa kununua kwa pamoja

Kikundi kilikuwa kimeweka akiba na kikaamua kununua oili kwa jumla. Mweka hazina alikwenda mjini mkubwa, akauliza kwenye duka la vilainishi vya magari oili gani ni bora kuliko zote walizonazo. Muuzaji akamjibu kwa ukweli kabisa kwa swali alilouliza: akampa 5W-30 yenye daraja la SP la API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Akamweleza kwamba herufi ya kwanza, S, ni ya injini za petroli, na ya pili inaonyesha kizazi cha oili, hivyo SP iko mbele ya SN, SM, SL na SJ. Oili waliyokuwa wakitumia ilikuwa imeandikwa SL.

Mweka hazina alifikiri hivi, na alinieleza baadaye bila kuficha: SL ni ya 2001, SP ni ya 2020, 5W inawaka vizuri kwenye baridi kuliko 20W, galoni ilikuwa ya kiwanda, imefungwa, na alama zote. Akalipa karibu shilingi 3,000 zaidi kwa kila lita, kwa sababu alitaka wenzake wapate kitu kizuri. Alinunua galoni 12 za lita 4.

Sioni uzembe hapo. Kila alichosoma kwenye galoni kilikuwa kweli. Alisoma nusu ya juu ya ile duara ya API iliyochapwa kwenye galoni, akasoma na katikati. Nusu ya chini hakuisoma, na mimi mwenyewe sijawahi kumkuta dereva anayeisoma.

## Mambo yalivyokwenda

Jumamosi moja pikipiki 14 zilimwagwa oili na kuwekewa mpya. Wawili walibaki nje: mzee mmoja wa kikundi aliyesema pikipiki yake ameizoesha oili yake, na kijana mmoja aliyekuwa msibani.

Siku tano za kwanza kila mtu alisifia. Injini ziliwaka kwa kiki moja asubuhi, sauti ikapungua, gia zikaingia laini.

Siku ya sita dereva mmoja akiwa na abiria na gunia katikati ya kilima cha soko alisikia injini inapaa sauti lakini pikipiki haiendi. Akashusha gia, ikatambaa. Jioni fundi wa kijiwe akakaza waya wa klachi. Kesho yake wakaja wawili na tatizo hilohilo, na kufikia mwisho wa wiki ya pili walikuwa tisa. Injini inalia, pikipiki haisogei; wale waliokuwa na sahani za zamani waliumia mapema zaidi, na wote waliumia kwenye kilima, injini ikiwa ya moto, na mzigo juu.

Fundi akafungua tatu na kuweka sahani mpya. Zilikwenda vizuri siku tatu, nne, kisha zikaanza kuteleza tena. Hapo hofu ikaingia, kwa sababu sasa ilionekana kama ugonjwa. Mmoja wa tisa akanunua kichupa cha dawa ya oili, ile ya kuongeza ulaini, akamimina chote. Siku hiyohiyo pikipiki yake ilishindwa kupanda hata bila abiria.

Siku ya 19 mwenyekiti alinipigia simu. "Mwalimu, tumeuziwa oili feki. Njoo uithibitishe ili twende polisi."

## Siku mbili nilizopoteza

Nilifika na wazo la oili feki kichwani, kwa sababu ndilo nililopewa na kwa sababu oili feki ipo kweli sokoni: oili iliyotumika inachujwa, inatiwa rangi, inarudishwa kwenye kopo lililookotwa. Nilikagua vifuniko, namba za uzalishaji, nikalinganisha wepesi wake kwenye glasi. Nikaomba rafiki aliyeko mjini aangalie kama bidhaa hiyo imo kwenye orodha ya API ya oili zilizopewa leseni, ambayo iko wazi mtandaoni. Ilikuwemo, kwa jina na kwa uzito uleule.

Siku mbili hizo zilikwenda kwenye swali lisilo sahihi. Swali sahihi lilikuwa rahisi na ningeweza kuliuliza dakika ya kwanza nikiwa nimesimama kijiweni: nani hatelezi? Nilipolishika hilo, tuliandika majina yote 16 kwenye karatasi. Pikipiki mbili zilizobaki na oili ya zamani hazikuwa na shida yoyote, ingawa ya yule mzee ndiyo iliyokuwa imechakaa kuliko zote. Kati ya 14 zilizowekewa SP, tisa ziliteleza na tano hazikuteleza. Kati ya hizo tano, tatu zilikuwa na sahani zenye miezi michache, na mbili ni za madereva wa njia ya tambarare ya hospitali.

Hao watano ndio walioichanganya akili ya kila mtu. "Kama ni oili, mbona mimi naendelea?" Lakini klachi haifi kama taa inavyozimika. Ina akiba yake ya kushika: springi zikiwa na nguvu na sahani zikiwa nene, akiba ni kubwa. Oili ikipunguza msuguano, akiba inapungua kwa wote. Aliyekuwa na akiba ndogo ndiye anayeanguka kwanza, na pa kuangukia ni kilimani.

Ndipo nikageuza galoni na kusoma nusu ya chini ya duara. Yalikuwepo maneno mawili ya Kiingereza: Resource Conserving. Pembeni kulikuwa na alama ya pili, ile nyota yenye miale inayowekwa kwenye oili za magari ya petroli zilizofaulu kiwango cha ILSAC, kamati ya watengenezaji wa magari inayoweka viwango vya oili. Nikaomba kitabu cha pikipiki. Hakuna aliyejua kiko wapi, mpaka mwenyekiti akakumbuka mfuko wa nailoni wenye karatasi za mkopo. Kitabu kimoja kilikuwemo, hakijawahi kufunguliwa. Ukurasa wa oili ulisema 20W-50, API SG au zaidi, JASO MA, yaani herufi za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Kwenye galoni ile neno JASO halikuwepo popote.

## Tulichoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza lilikuwa kuwazuia watu wasinunue sahani nyingine. Fundi wa kijiwe alitaka kubadilisha klachi zote tisa na hoja yake ilikuwa na uzito: sahani zimeshanywa ile oili. Nilimwomba tupime kwanza. Sahani ya klachi ya pikipiki huteleza kwa sababu moja kati ya mbili. Ama imeisha au kuungua, na hapo hairudi. Ama ni nzima, na uso wake umefunikwa na utando wa viambato vinavyopunguza msuguano. Hii ya pili inaweza kurudi ukiipa oili sahihi.

Tuliamua kumwaga mara mbili. Ukimwaga oili ya pikipiki, hata ikiwa ya moto na umeilaza upande, kiasi fulani kinabaki kwenye pembe za injini na katikati ya sahani. Kwa injini ya lita moja, mabaki hayo ni sehemu kubwa. Basi tulimwaga, tukaweka 20W-50 ya JASO MA ya bei nafuu, wakaendesha siku tatu bila mzigo mkubwa, wakamwaga tena ikiwa ya moto, kisha ikaingia oili ya kudumu ya MA2, ile MA inayoshika klachi zaidi. Wengine walilalamika kwamba tunatupa oili ya siku tatu. Ilikuwa bei ya lita moja dhidi ya bei ya seti ya sahani, pamoja na siku nzima bila hesabu.

Yule wa dawa ya oili tulimfungulia klachi mara moja. Sahani zake zilikuwa nyeusi zinang'aa, na harufu ya kuungua ilitoka kabla hatujatoa kifuniko chote.

Wale watano wasioteleza nao waliambiwa wamwage. Wanne walikubali. Mmoja wa njia ya hospitali alisema atamalizia wiki zake mbili, na kwa kuwa njia yake haina kilima sikumlazimisha.

Galoni saba zilizobaki hazijafunguliwa ziliuzwa kwa madereva wa teksi wenye magari madogo ya petroli ambayo vitabu vyake vinataka 5W-30. Ilikuwa oili nzuri sana kwao. Mwanachama mmoja alipendekeza tuwauzie wenye bajaji, tukakataa: bajaji za petroli zilizopo pale nazo zina klachi ya kulowa.

## Matokeo

Kati ya pikipiki tisa, sita zilirudi kwenye hali yake kwa oili peke yake. Tatu kati ya hizo sita ni zile zilizokuwa zimewekewa sahani mpya na zikateleza tena, ishara kwamba pesa ya sahani zile haikuwa na sababu. Tatu zilizobaki zilihitaji klachi: mbili zilikuwa zimepita kikomo cha unene kilichoandikwa kitabuni, na moja ni ile ya dawa ya oili, ambayo ilimwagwa mara tatu kabla haijatulia.

Jaribio letu lilikuwa kilima chenyewe. Gia ya tatu, mtu na mzigo, injini ya moto, unafungua mafuta ghafla katikati ya mlima. Sauti ikipanda bila mwendo kupanda, bado. Sauti na mwendo vikienda pamoja, imepona. Mwezi mmoja baadaye pikipiki zote 16 zilipita.

## SP inaahidi nini, na kwa nani

Madaraja ya API yanapangwa kwa ajili ya magari. Kila herufi mpya imezaliwa na tatizo la injini za wakati wake. SP ilianza kutolewa leseni Mei 2020, na miongoni mwa mambo yaliyoisukuma ni injini ndogo za turbo ambazo petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hizo zikizunguka taratibu huku zimebeba mzigo, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, na mlipuko huo wa mapema unaweza kuvunja pistoni. Ilionekana kwamba kalsiamu nyingi kwenye visafishi vya oili inachangia, ndiyo maana watengenezaji wengi wa oili za SP walipunguza kalsiamu na kujaza nafasi kwa magnesiamu. Jambo lingine ni kuchakaa kwa cheni ya taimingi kwenye injini hizohizo. Hayo ni maendeleo ya kweli. Pikipiki ya kabureta ya cc 125 haina hata moja ya magonjwa hayo.

Kisha kuna fosforasi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Kiambato cha zamani na cha kuaminika cha kuzuia vyuma visilane ni mchanganyiko wa zinki, fosforasi na salfa. Unapojikandamiza katikati ya meno ya gia au kwenye kamshafti, huacha utando unaojitoa mhanga badala ya chuma. Ubaya wake ni kwamba oili kidogo huungua kila siku ndani ya injini, na fosforasi inayotoka na moshi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, kile mafundi wanachokiita masega. Kwa sababu hiyo kiwango cha juu cha fosforasi kwenye oili nyepesi za magari kimeshushwa hatua kwa hatua: wakati wa SJ na SL kilikuwa asilimia 0.10 ya uzito, na tangu SM ya 2004 kimekuwa 0.08, huku cha chini kikiwa 0.06.

Kikomo hicho cha juu kinabana oili nyepesi kama 0W-20, 5W-30 na 10W-30. Oili ya 20W-50 yenye SP haibanwi nacho. Kwa hiyo herufi peke yake haikuambii kiasi cha fosforasi; lazima uisome pamoja na namba ya uzito kama 5W-30 au 20W-50. Watu wengi hujua kwamba "oili mpya zina zinki kidogo" na huishia hapo, kisha huogopa kila kopo lenye SN au SP hata lile lililotengenezwa kwa pikipiki.

Wajapani walitoa kiwango chao cha pikipiki mwaka 1998, JASO T903, walipoona oili za magari zinaenda njia isiyowafaa. Wao wanataka fosforasi iwe kati ya 0.08 na 0.12, majivu ya salfeti (mabaki ya madini oili ikiunguzwa) yasizidi asilimia 1.2, na oili isikatikekatike kirahisi na meno ya gia. Juu ya hayo yote wanapima msuguano kwenye mashine yenye sahani za klachi: klachi inashika kwa nguvu gani ikiwa inazunguka, inashika kwa nguvu gani ikiwa imetulia, na inachukua muda gani kusimama. Oili yenye msuguano wa kutosha hupewa MA. Tangu marekebisho ya 2006 MA imegawanywa: MA2 kwa zinazoshika zaidi, MA1 kwa zilizo chini yake. Oili yenye msuguano mdogo hupewa MB, na hiyo inafaa skuta ambazo klachi yake iko pakavu nje ya oili.

Ukiweka namba hizo pamoja utaona kwamba 5W-30 ya SP na oili ya JASO zinagusana kwenye 0.08 tu. Lakini kilichotelezesha klachi hakikuwa uchache wa fosforasi. Uchache huo ungekuja kudai malipo yake baadaye, kwenye meno ya gia. Kilichotelezesha ni yale maneno ya chini ya duara. Ili oili iandikwe Resource Conserving lazima ionyeshe, kwenye injini ya gari iliyo kwenye kipimo, kwamba inapunguza matumizi ya petroli. Njia ya kufika huko ni oili nyepesi pamoja na vipunguza msuguano: vingine ni vya molibdenamu, vingine ni vya asili ya mafuta na vinang'ang'ania uso wa chuma kama sabuni. Kwenye gari uso huo ni pete za pistoni na bearingi. Kwenye pikipiki ni hizo pamoja na klachi, na vipunguza msuguano haviwezi kuchagua.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hatukupeleka oili maabara tupate uhakika. Kipimo cha kawaida cha maabara kinahesabu madini: zinki, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu, molibdenamu na vyuma vya uchakavu. Kingetuonyesha molibdenamu kama ipo. Vile vipunguza msuguano vya asili ya mafuta vimeundwa hasa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, na kwenye hesabu ya madini havionekani kabisa. Unaweza kupata karatasi safi yenye zinki ya kupendeza na bado klachi ikateleza. Herufi za JASO zinabeba kipimo ambacho karatasi ile haina.

Kuhusu baridi: nilimweleza mweka hazina kwamba 20W hupimwa uwashaji kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi za kwetu hazikaribii huko. Pikipiki nyingi zilizokuwa zinasumbua kuwaka zilikuwa na kabureta chafu na plagi zilizoisha, na tulizirekebisha kwa saa moja. Anayetaka wepesi zaidi wa asubuhi anaweza kutumia 10W-40 yenye MA2, kama kitabu chake kinairuhusu.

## Kosa la pili, lililozaliwa na la kwanza

Wiki chache baadaye nilikuta madereva wanne wamehamia oili ya bei ya chini iliyoandikwa SF. Habari ilikuwa imeenea kijiweni kwamba "herufi za juu zinaua klachi", na hitimisho likawa kwamba herufi za zamani ndizo salama. Nilisikitika, kwa sababu maneno hayo yalitokana na maelezo yangu mwenyewe niliyoyafupisha mno.

SF ni daraja la 1980. API imeshaliacha, pamoja na yote kuanzia SA hadi SH, na haitoi tena leseni yake. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuchapa SF kwenye kopo bila mtu wa kumkagua. Inaweza isiteleze, lakini haina uhakika wa kuzuia tope, wala kustahimili joto la injini inayopanda kilima siku nzima. Ni kweli JASO kwa miaka mingi imekubali oili kuanzia SG, daraja ambalo API nayo imeliacha; tofauti ni kwamba pale JASO inaweka vipimo vyake juu yake.

Wapo pia wanaotumia oili ya dizeli, 15W-40 ya CI-4, kwa kuwa haitelezeshi klachi. Mara nyingi ni kweli haitelezeshi. Ila oili nyingi za daraja hilo zina majivu yanayozidi ile 1.2 ya JASO, na majivu hayo huganda juu ya pistoni na kwenye plagi ya injini ndogo. Kwa dharura ya siku mbili sitagombana na mtu.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Kumwaga mara mbili kulifaa, na kuandika majina yote 16 kulifaa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya. Yule mzee aliyekataa oili mpya ndiye aliyetupatia ushahidi, pikipiki yake chakavu ikipanda pale ambapo mpya zilishindwa. Tangu hapo kikundi kimeweka utaratibu: oili ya aina mpya inaingia kwanza kwenye pikipiki mbili, kwa wiki mbili, kilimani.

Ununuzi ulishindwa kwenye swali, kabla ya pesa kutoka. "Oili ipi ni bora?" lina jibu moja kwa kila injini, na muuzaji alijibu kwa injini aliyoizoea. Kama mweka hazina angesema "ya pikipiki ya klachi ya kulowa", angepewa kitu kingine kwenye rafu ileile. Fundi wa kijiwe alishindwa alipobadilisha sahani bila kubadilisha oili, kosa linaloeleweka, kwa sababu miaka yote klachi ikiteleza sahani ndizo zilizokuwa zimeisha. Dawa ya oili ilikuwa hatari kuliko yote. Leseni ya API na herufi za JASO hutolewa kwa oili ilivyotoka kiwandani. Ukishamimina kichupa ndani yake, oili uliyonayo haijapimwa na mtu yeyote.

Na mimi nilishindwa mara mbili: kwa kuifuata hofu ya oili feki kabla ya kuhesabu nani anateleza, na kwa kuwapa watu sentensi fupi iliyowapeleka kwenye SF.

Sasa ukutani mwa banda la fundi kuna kopo tupu la oili sahihi limetundikwa kwa waya, lebo ikiangalia nje. Tumezungushia kalamu nyekundu sehemu tatu: 20W-50, SL, na kile kisanduku cha mstatili cha JASO chenye MA2 na namba ya usajili inayoanza na herufi M. Dereva akitumwa dukani anapiga picha ya kopo kwa simu na kwenda nayo. Kopo likiwa na maneno "JASO MA2" bila kisanduku na namba, tumekubaliana analiacha, kwa sababu hilo ni neno la muuzaji tu. Yule dereva wa njia ya hospitali alimaliza wiki zake mbili kama alivyosema. Jumatatu iliyofuata alipata abiria wa sokoni, akarudi kutoka katikati ya kilima akiisukuma, akaegesha chini ya kopo lile na kuomba spana ya nati ya oili.